Watu wa milima ya New Mexico: hawakuhamia Marekani, Marekani ndiyo iliwahamia (uzi mrefu)

KihambaJuu
Habari za saa hizi wadau. Juzi kwenye mjadala wa uhamiaji kuna ndugu aliandika kwamba watu wote wanaoongea Kihispania Marekani "warudi walikotoka", nikamjibu nitafungua uzi wa peke yake maana jambo hilo linaniuma na haliwezi kuisha kwa sentensi mbili. Zamu za usiku zimenibana ila leo nina off, chukueni chai.

Mimi ni Mchagga wa Marangu, nipo jimbo la New Mexico mwaka wa sita huu, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Nipo bonde la Mora, kaskazini mwa jimbo, milimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi yake msiulize. Wazee ninaowahudumia wanaongea Kihispania tangu kwa babu wa babu zao, na ukimwambia mmoja wao "wewe ni mhamiaji" anakutazama kama vile umemwambia bibi yangu ni mhamiaji Kilimanjaro.

Tuanze na tarehe. Mwaka 1598 Juan de Oñate, kiongozi wa msafara wa Wahispania, alipanda na Mto Rio Grande na familia za walowezi, mbuzi, kondoo na ng'ombe, wakakaa karibu na hapa panaitwa Española leo. Mji wa Santa Fe ukawekwa 1610. Yale makoloni ya Waingereza tunayofundishwa kwamba ndiyo chanzo cha Marekani, wale wa kwenye meli ya Mayflower walifika 1620. Kwahiyo Kihispania kilikuwa kinaongelewa Santa Fe miaka kumi kabla hao hawajatia nanga. Halafu Mexico ikapata uhuru 1821, huku kukawa Mexico. Mwaka 1846 Jenerali Kearny akaingia Santa Fe na jeshi la Marekani, na tarehe 2 Februari 1848 ukasainiwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Mexico ikapoteza karibu nusu ya nchi yake. Watu walilala Mexico wakaamka Marekani, kwenye nyumba ile ile, kitanda kile kile.

Na si kwamba walinyamaza. Januari 1847 Taos walimuua gavana aliyewekwa na Wamarekani, Charles Bent, na huku Mora nako watu wakainuka, jeshi likaja na mizinga mwezi wa pili likakibomoa kijiji chote. Hapa hapa ninapoandikia.

Sasa kitu kilichonifanya niwapende hawa watu ni mfereji. Wiki ya pili tu nimefika, mwezi wa nne, mzee niliyekuwa namhudumia akaniambia nimpeleke kwenye gari akaangalie "la limpia", yaani usafishaji wa mtaro. Nikakuta wanaume na vijana kama ishirini na tano wamejipanga ndani ya mtaro mkavu, kila mtu na chepe lake. Kuna mmoja anatembea juu ya ukingo, anapima kwa mpini wa chepe anachora mstari kwenye udongo, hapa wewe, hapa wewe, hapa wewe, kila mtu anasafisha kipande chake, anakata mizizi ya mierebi na kutoa matope ya mwaka jana, wakimaliza yule wa juu anapaza sauti "¡Vuelta!" na wote wanasogea mbele mstari mzima wanaanza tena. Nilibaki nimeshika usukani wadau, machozi yananilenga, maana ule ni msaragambo wa mfongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji wetu wa Kichagga. Ule ule niliobebwa mgongoni nikiwa mtoto kwenda kuuona kwetu, babu akiwa mzee wa mfongo anajua zamu ya maji ya kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa kichwa.

Mtaro wao unaitwa acequia. Yule anayepima ni mayordomo, wanamchagua wenyewe. Wenye haki ya maji wanaitwa parciantes, na kila mwenye haki lazima alete mtu wa kufanya kazi kulingana na hisa yake, usipoleta unalipa, na ukikaidi geti lako halifunguliwi. Jimbo zima kuna acequia kama 700 hivi. Sheria zao za maji zilikuwepo kabla ya Marekani, na bunge la kwanza la New Mexico ikiwa chini ya Marekani liliziandika kisheria 1851 na 1852. Hapa Mora kuna mitaro iliyochimbwa kwa mkono karne ya 19 inayovusha maji kutoka upande wa pili wa mlima, ukisimama pale unaona kabisa kama maji yanapanda.

Na ardhi je? Hapo ndipo pana kidonda. Utawala wa Hispania na baadaye Mexico ulikuwa unatoa ardhi kwa kijiji, inaitwa merced. Kila familia inapata kiwanja cha nyumba na kipande cha kulima kando ya acequia, halafu sehemu kubwa ya mlima inabaki ya wote, malisho, kuni, mbao za kujengea. Merced ya Mora ilitolewa 1835 kwa watu 76, ekari zaidi ya 827,000. Mkataba wa 1848 ulisema mali zao zitaheshimiwa. Wakaja mawakili. Ukitaka uthibitisho wa ardhi yako lazima uende mahakamani, huna hela, wakili anasema usijali utanilipa kwa ardhi. Thomas Catron, wakili wa Santa Fe, ndiye alikuwa kinara, kundi lao liliitwa Santa Fe Ring. Ujanja ulikuwa hivi: unanunua hisa za warithi wachache, halafu unaenda mahakamani unasema naomba tugawane ardhi ya pamoja, hakimu anasema mlima haugawanyiki vizuri, upigwe mnada, na mwenye hela ya mnada ni wewe. Mlima wa Mora ulienda hivyo.

Nitaendelea, ngoja nimpigie mama simu kwanza nyumbani kumekucha.

mamaKevo
Uzi umetulia mkuu. Endelea tuko hapa. Hiyo ya kupiga mnada mashamba ya ukoo imenitoa jasho, kwetu Kiambu ndugu mmoja akiuza kipande tu mmekwisha nyote.

Nahodha_Pangani
Mkuu heshima kwako ila nina swali na naomba usilikwepe. Hao Wahispania walikuja 1598 wakakuta watu. Wenye ardhi walikuwa Wahindi Wekundu. Sasa tunawaonea huruma wakoloni kwasababu walikuja wakoloni wengine wakawapora walichopora?

KihambaJuu
Nahodha umeuliza swali la haki na silikwepi, na wala humu nisitake kumficha mtu.

Kwanza wenyewe wanaitwa Wapueblo, na wapo hadi leo, makabila 19 New Mexico, na vijiji vyao. Oñate aliwatenda unyama. Februari 1599, baada ya vita na Wapueblo wa kijiji cha Acoma mwezi uliotangulia, alitoa hukumu wanaume waliozidi miaka 25 wakatwe mguu na watumikie utumwa miaka ishirini. Kumbukumbu hiyo haijafa: mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walikuja usiku wakakata mguu wa sanamu ya Oñate iliyokuwa karibu na Española, na 2020 sanamu yenyewe ikaondolewa. Na Wapueblo hawakukaa kimya. Mwaka 1680 Popé, kiongozi wao wa dini, akatuma wakimbiaji kijiji kwa kijiji na kamba zenye mafundo, kila siku unafungua fundo moja, fundo la mwisho ndiyo siku. Waliwaua Wahispania 400 na zaidi, mapadri 21 wakiwemo, waliobaki wakakimbilia El Paso. Walikaa huko miaka kumi na mbili ndipo gavana wa Kihispania Diego de Vargas akaongoza kurudi.

Lakini waliorudi hawakuweza tena kuishi kwa ubabe ule ule. Karne ya 18 walikuwa watu wachache maskini, mbali na kila kitu, mji wa Mexico ulikuwa safari ya miezi. Walilima pamoja na Wapueblo, wakaoana, wakapeana ubatizo wa watoto, na pia wakateka watu, hili nalo nilitaje. Kuna watu wanaitwa genízaros, ni Waapache, Wanavajo, Wakomanchi na wengine walionunuliwa au kutekwa wakiwa watoto, wakalelewa utumishi ndani ya nyumba za Wahispania, wakapoteza lugha na kabila. Walipokuwa huru wakapewa vijiji vya mpakani wawe ngao. Abiquiú ni mmoja, merced yao ni ya 1754, na uzao wao upo pale pale, 2007 bunge la jimbo likawatambua kama watu wa asili. Mzee wangu mmoja akinionyesha picha ya mama wa bibi yake aliniambia "huyu alikuwa Mnavajo, hatujui hata jina lake la kwao". Alikaa nayo mkononi muda mrefu.

Kwahiyo jibu langu: dhuluma ya kwanza ilikuwepo na dhuluma ya pili ilikuwepo, na moja haiifuti nyingine. Mchungaji mbuzi wa 1890 aliyenyang'anywa mlima hakuwa Oñate.

Kaskazi
Watu wa Lamu tunaelewa hiyo ya genízaros. Kwetu kulikuwa na wazalia, waliozaliwa utumwani majumbani, leo uzao wao na wa mabwana ni majirani na wakwe, na bado kuna nyumba jambo hilo halitajwi mbele ya wageni.

BintNizwa
Assalaam alaykum. Nimesoma hapo kwenye mfereji nikashtuka. Mimi nimezaliwa Unguja nimekulia Nizwa, Oman, na hiyo acequia ni falaji, mfereji wetu wa maji wa Oman! Kila mtu ana hisa ya muda, fungu moja linaitwa athar, kama nusu saa ya maji, zamani walikuwa wanapima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Msimamizi wa falaji anaitwa wakil. Falaj Daris ya hapa Nizwa ni moja kati ya zile tano UNESCO ilizoziingiza kwenye orodha yake 2006. Hilo neno lenyewe acequia si Kiarabu?

KihambaJuu
Waalaykum salaam dada. Ni Kiarabu kabisa, as-saqiya. Waarabu walitawala Hispania karne nyingi, ndiyo waliowafundisha kugawana maji kwa zamu, Wahispania wakaleta utaratibu ule huku Marekani na kukuta Wapueblo nao wana mitaro yao.

Na hapa Mswahili unajikuta uko nyumbani wadau, mimi Kihispania nimejifunza haraka kwasababu hiyo. Hasta ni hata. Azúcar ni sukari. Mezquino wanamwita bahili, asili yake ni maskini ile ile. Alcalde, mkuu wa mji, ni kadhi. Adobe, yale matofali ya udongo na nyasi wanayojengea nyumba, ni Kiarabu pia. Halafu kuna yale Mreno alituachia pwani, bandera ni bendera, mesa ni meza, na huku mlima wenye kichwa bapa wanauita mesa, mara ya kwanza mzee ananiambia "mvua inatoka nyuma ya mesa" nikageuka kuangalia meza ya jikoni.

Kihispania chao chenyewe kina mambo ya kale. Walikaa mbali sana na wenzao kwahiyo wakabaki na maneno ambayo Mexico City yameshakufa, wanasema asina badala ya así, truje badala ya traje, vide badala ya vi. Wahamiaji kutoka Mexico wanawaita manitos, ni kufupisha hermanito, ndugu mdogo. Ila lugha inaondoka. Katiba ya jimbo lilipoingia kwenye Muungano tarehe 6 Januari 1912 iliweka wazi kwamba mtu asinyimwe kura wala uongozi kwasababu hajui Kiingereza, na mtoto mwenye asili ya Kihispania asitengwe shuleni. Iliandikwa hivyo. Lakini kila mzee niliyemhudumia, kila mmoja, ana stori ya kuchapwa shuleni kwa kuongea Kihispania uwanjani. Matokeo yake wakaamua watoto wao wasipate kile kipigo, wakawaongelesha Kiingereza nyumbani. Leo mjukuu anakuja kumsalimia babu mimi nakaa katikati natafsiri, Mchagga namtafsiria Mmarekani maneno ya babu yake. Sijazoea hadi leo.

Bahati_wa_Kivu
Jambo ndugu yangu KihambaJuu. Mimi niko Albuquerque, nilitokea Uvira, tulipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi mbele ya kuja huku. Hapa tuko Wakongomani wengi. Ile mambo unasema ni kweli, jirani yangu mama mmoja mzee wa hapa alituletea chakula siku ya kwanza, mahindi makubwa ya kuchemsha na nyama na pilipili nyekundu. Watoto walikula wakasema ni kama kwetu. Inaitwa namna gani?

KihambaJuu
Karibu sana Bahati, kumbe tuko jimbo moja! Hiyo ni posole. Mahindi wanayaloweka kwenye maji ya chokaa mpaka ganda litoke, yanavimba. Mimi naiita makande ya nguruwe. Kuna nyingine wanaita chicos, mahindi mabichi yanaokwa na maganda yake usiku kucha ndani ya horno, tanuri la udongo la nje lenye umbo la kichuguu, halafu yanaanikwa. Ukiyachemsha na maharage yana harufu ya moshi, mimi nimewaletea mama nyumbani mfuko mzima.

Na hiyo pilipili ni jambo kubwa. Mwezi wa tisa ukipita kijiji chochote unasikia harufu yake ikiokwa, na mgahawani swali la kwanza ni "nyekundu au kijani?", hadi bunge la jimbo limelifanya kuwa swali rasmi la jimbo.

mamaKevo
Turudi kwenye ardhi mkuu. Kwani hawakupigania?

KihambaJuu
Walipigania. 1889 kaunti ya San Miguel, hapa jirani, wakatokea watu usiku wamejifunika nguo nyeupe kichwani, Las Gorras Blancas, kofia nyeupe. Wenye hela walikuwa wameanza kuzungushia seng'enge ile ardhi ya pamoja, hawa wanakuja usiku na farasi wanaikata vipande vipande maili kwa maili ili isiungike tena. Wakaingia mji wa Las Vegas, wa New Mexico huu si ule wa kamari, wakatawanya karatasi za tamko lao 1890 kwamba wao ni watetezi wa haki ya maskini. Kiongozi wao mkuu alikuwa Juan José Herrera.

Serikali ikaunda mahakama maalum ya ardhi 1891 mpaka 1904. Zilidaiwa ekari milioni 34 na ushee New Mexico, zikathibitishwa kama milioni 2. Nikiri kwamba yalikuwepo madai ya kughushi, lakini pigo kubwa lilikuja 1897, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Sandoval kwamba ile ardhi ya pamoja haikuwa ya kijiji, ilikuwa ya serikali ya Hispania na sasa ni ya serikali ya Marekani. Merced ya San Miguel del Vado ilikuwa na ekari 315,000. Ikabaki na 5,000 na kidogo. Sehemu kubwa ya hiyo milima leo ni misitu ya taifa, mtu anaomba kibali cha kukata kuni mahali babu yake alipokuwa na haki.

Halafu 5 Juni 1967 Reies López Tijerina na wenzake wa Alianza, chama chao cha kudai zile merced, walivamia mahakama ya Tierra Amarilla kwa silaha wakitaka kumkamata mwendesha mashtaka, hakuwepo, askari wawili wakajeruhiwa kwa risasi, jimbo likaleta jeshi la akiba na vifaru kumsaka mtu milimani. Sikubaliani na bunduki. Ila wazee wanasema kabla ya siku ile hakuna mtu Washington aliyejua neno merced.

Nahodha_Pangani
Nimekuelewa mkuu. Na kinachowasumbua leo ni nini hasa, ni hiyo hiyo ardhi?

KihambaJuu
Leo ni maji na moto, na vijana.

Maji: maji huku ni mali unaweza kuiuza peke yake bila shamba, na miji inanunua. Familia moja ikiuza haki yake, mtaro unabaki na watu wachache wa kusafisha urefu ule ule. Tangu 2003 sheria inaipa acequia uwezo wa kukataa uhamisho huo kama unawaumiza waliobaki. Na kesi za nani ana haki ya maji gani ni ndefu kuliko maisha ya mtu, ile ya bonde la Pojoaque, karibu na Santa Fe, ilianza 1966, maridhiano yake yakapita kwenye Kongresi 2010.

Vijana: kazi hakuna, wanaenda Albuquerque au Denver. Bonde la Española limeteswa na heroini miaka mingi, kuna nyumba bibi analea wajukuu kwasababu kizazi cha katikati kimekwisha. Hapa sitaandika zaidi, nina watu ninaowajua.

Moto: 2022. Idara ya misitu ya serikali ilikuwa inachoma nyasi na magogo kwa makusudi ili kupunguza hatari ya moto, moto mmoja ukaponyoka tarehe 6 Aprili upepo ukiwa mkali, mwingine ulikuwa umelala chini ya theluji tangu mwezi wa kwanza ukaamka, ikaungana. Ekari 341,000, mkubwa kuliko wote kwenye historia ya jimbo. Idara yenyewe ilikiri mioto yote miwili ni yake. Tulihamisha wazee usiku, mzee mmoja alikataa kupanda gari mpaka tukambebea sanamu ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima, ya mti, imechongwa na babu yake, haina mkono mmoja. Nyumba yake iliungua. Mvua za mwezi wa saba zikaja juu ya mlima usio na mti, maji meusi kama masizi ya chungu yakashuka na magogo na mawe yakajaza acequia mpaka juu, mahali pengine hujui tena mtaro ulipita wapi.

Kongresi ilitenga dola bilioni 2.5 za fidia mwaka ule ule na nyingine zikaongezwa baadaye. Sasa fikirini: fomu ilitaka uthibitisho wa umiliki. Mzee ana shamba alilopewa na baba aliyepewa na babu, hakuna karatasi, kila mtu kijijini anajua ni lake kama wote Marangu wanavyojua kihamba chetu ni chetu. Mimi nimekaa na mzee mezani siku nyingi tukijaza zile karatasi, zinarudishwa, tunaanza tena. Kuna waliofariki wanasubiri.

Na hawa ndio wametoa watu kwa nchi hii. Kikosi cha 200 cha mizinga kutoka New Mexico kilipelekwa Ufilipino, sababu moja ni kwamba wengi walijua Kihispania, wakatekwa na Wajapani huko huko, rasi ya Bataan, Aprili 1942. Walikuwa 1,800 hivi, karibu nusu hawakurudi. Halafu mtu anawaambia warudi walikotoka.

Kaskazi
Na dini? Umetaja sanamu.

KihambaJuu
Wakatoliki, ila Ukatoliki wa aina yake. Mapadri walikuwa wachache mno, kwahiyo wanaume wa vijijini wakaunda udugu, Wapenitente, wana nyumba ya sala isiyo na madirisha mengi inaitwa morada. Wao ndio waliokuwa wanazika, wanalisha wajane, wanaimba usiku wa Ijumaa Kuu nyimbo za zamani bila ala, sauti zinapanda na kushuka kama kaswida. Kanisa lenyewe liliwapiga vita muda mrefu, halafu 1947 askofu mkuu akawakubali rasmi. Ijumaa Kuu maelfu kwa maelfu ya watu wanatembea kwa miguu hadi Santuario ya Chimayó, kikanisa cha udongo cha 1816, ndani kuna kishimo cha mchanga, unachota kidogo unampaka mgonjwa. Mimi ni Mlutheri, nilitembea, nilichota, nikampaka mzee wangu magoti kwasababu aliniomba.

Bahati_wa_Kivu
Ndugu yangu umeniuma roho. Ile limpia iko tarehe gani? Mimi na vijana wangu wawili tunaweza kuja kusaidia? Gari iko.

KihambaJuu
Bahati, mayordomo nimemuuliza sasa hivi kwenye simu, amesema mnakaribishwa na anauliza kama mnakula pilipili. Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi. Vaeni buti, njooni na chepe tatu maana za hapa hazitoshi, tumepungukiwa watu mwaka huu, wenye hisa ni thelathini na moja na waliojiandikisha ni kumi na nne. Tunaanzia juu kwenye banio tunashuka nayo.

Bahati_wa_Kivu
Tutafika.